Kasuku wa marehemu bibi anajinyonyoa na nyumbani hakuna anaemtaka, nimpeleke wapi?

#1 Mtoto_wa_Mkunazini
Asalaam alaykum wanajamvi. Naomba ushauri, matusi mbakie nayo. Bibi yangu mzaa mama katangulia mbele ya haki mwezi wa Shaabani, Mungu amrehemu. Kaacha nyumba, masanduku mawili ya njumu na kasuku, yule wa kijivu wa mkia mwekundu, jina lake Kidawa. Mie niko darasa la pili Kidawa yupo, na leo nna watoto wawili, hesabuni wenyewe. Basi nyumba ishagawiwa, masanduku yamegombaniwa mpaka akaitwa shekhe aje aamue, lkn Kidawa hakutokea hata mmoja aliesema "huyu wangu".
Tatizo la kwanza anajinyonyoa manyoya, kifua kizima kimebaki ngozi tupu kama kuku wa sokoni. Tatizo la pili ndo zito. Anaita kwa sauti ya bibi. Ikishaadhiniwa alfajiri tu anaanza kumwita mama yangu jina lake vilevile kama alivokuwa akiitwa, na kile kikohozi cha bibi anakitia mwisho. Mama analia mpaka chai haimshuki. Mjomba anasema auzwe basi. Mie nasoma mtandaoni naona wenzetu Ulaya na Marekani wana shelta za kasuku, mtu haendi dukani, anakwenda kumchukua alieachwa na mwenyewe. Kwetu Unguja kitu kama hicho kipo? Na kama hakipo nimpe nani? Kumuuza kama redio roho hainipi.

#2 Yakhe77
Inna lillahi, poleni. Yakhe kasuku anaishi miaka 100 huyo, atakuzika na wewe na hao watoto wako.

#3 Chwaka_Boy
Mfungulie tundu aende zake, thawabu zimfikie bibi. Uzi wa nini tena.

#4 MtuWaMisitu
@Chwaka_Boy hapana bwana, hilo usimshauri mtu. Kasuku wa kijivu si ndege wa visiwa hivi. Kwao misituni huko Kongo, Kameruni, Gaboni, anafika mpaka Uganda na magharibi ya Kenya, na kwa Bara ni ile kona ya Kagera tu. Ndege alielishwa mkononi miaka ishirini na kitu hajui kutafuta tunda, hajui mwewe, hajui mvua. Ukimwachia atakaa juu ya antena ya jirani siku mbili tatu akiita "hodi" kisha basi. Na akiwa na maradhi anawapelekea ndege wetu. Kunguru hawa mnaowatukana kila asubuhi mnajua walifikaje? Waliletwa toka India mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka za mji, aliewaleta alidhani anafanya wema, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wa hapa.

#5 MPEMBA_HALISI
Nani kakwambia hakuna kasuku visiwa hivi?? Pemba wako tele, kijani, wanakaa kwenye minazi. Tukiwa wadogo tukiwatoa kwenye matundu ya minazi mikavu, unamchukua kinda hajaota manyoya unamlisha muhogo wa kutafuna. Nyie wa mjini mnajua kunguru tu.

#6 MtuWaMisitu
Huyo ni kwaru ami. Mwili kijani kichwa cha kahawia, ndege wa mwambao, na kweli Pemba yupo. Kidawa ni mwengine kabisa. Na hao makinda uliokuwa ukiwatoa wangapi walipona?

#7 MPEMBA_HALISI
Mmoja. Kati ya kama tisa hivi. Hukuniuliza vizuri ungeniuliza kwanza kama najuta.

#8 Bi_Shuwena
Mwanangu pole na msiba. Ndege huyo kaingiwa na jicho, msibani watu walikuja wengi na kila mmoja akisimama tunduni anashangaa "mashallah" wengine bila ya hiyo mashallah. Soma Ayatul Kursiy kwenye maji umnyunyizie. Na mpe pilipili kichaa atachangamka, ulimi utakuwa mwepesi.

#9 Mwl_Kikwajuni
Bi Shuwena shikamoo. Pilipili kweli anaipenda lkn haimuwashi hata kidogo, ndege hawasikii ule mwasho tunaousikia sisi, ndo maana mbegu za pilipili wanazitawanya wao. Sauti pia haitoki ulimini, inatoka chini kifuani pale bomba la hewa linapogawika kwenda kwenye mapafu. Nasema hivi kwa sababu nshaona watu wanawakata kasuku ulimi ati waseme. Ni ukatili mtupu.
@Yakhe77 miaka 100 ni hadithi za barazani. Akitunzwa vizuri 40 mpaka 60. Yule kasuku wa kijivu Alex aliesomeshwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg, mama wa watu alimnunua Chicago 1977, akajua maneno zaidi ya mia, rangi, maumbo, akihesabu mpaka sita, alikufa 2007 na miaka 31 tu.

#10 Yakhe77
Anahesabu mpaka sita? Mwanangu yuko darasa la kwanza anaishia nne 😂

#11 dada_Leicester
Nawasoma toka huku kwenye baridi. Mie nilichukua kasuku kwa hao hao wanaopokea ndege walioachwa ngoja niwaelezee ilivokuwa manake watu wanadhani unakwenda na tundu unarudi na ndege. Kwanza fomu, kurasa sijui ngapi. Halafu wakaja nyumbani kukagua, nani yuko nyumbani mchana, nani anavuta sigara, mna paka, mtoto mdogo, jirani yenu karibu kiasi gani, na jikoni wakafungua makabati wanatazama vikaangio! Nikawauliza mnaniozesha mwana au mnanipa ndege? Kisha nikaambiwa niende nikae naye tu bila ya kumgusa, mara tatu, siku ya kwanza kaning'ata dole mpaka nikaona nyota. Nikalipa ada, na nikatia saini kwamba nikishindwa namrudisha kwao, sina ruhusa ya kumuuza wala kumgawa.
Wangu ana miaka 22 na mie ni nyumba yake ya nne. Wa kwanza alihama nchi, wa pili kazaa, wa tatu majirani walichoka na makelele. Hakuna hata mmoja katika hao aliekuwa mtu mbaya. Ndo mjue ndege huyu anaishi kuliko mipango ya mtu.
Kikaangio: vile vyeusi vya kutogandisha, vikiungua juu ya moto moshi wake unaua ndege hapohapo, na wewe mwenyewe hata harufu huisikii.

#12 Pweza_Nungwi
Wewe dada usiniambie. Jirani yangu alikuwa na cherero wawili, kasuku wale wadogo, walikufa pamoja siku moja anapika chapati za arusi, kikaangio kipya kasahau motoni kaenda kupokea simu. Tukasema wamerogwa. Mpaka leo kuna mtu hasemeshwi mtaani kwa ajili ya ndege wale.

#13 Bi_Shuwena
Na wewe unajuaje hawakurogwa

#14 Mtoto_wa_Mkunazini
Ahsanteni nyote. Kwetu sufuria ni za bati za kawaida. Lkn moshi mwengine upo, bibi akifukiza udi kila usiku wa Ijumaa na ubani kila magharibi, na chetezo mahala pake ni chini ya tundu la Kidawa, ati naye ajifushe.

#15 Daktari_wa_Ngombe
Hapo hapo pana kitu. Mapafu ya ndege si kama yetu, hewa inapita mpaka kwenye vifuko vilivoenea mwilini mzima, moshi wowote unamwingia zaidi yetu, iwe udi, dawa ya mbu ya kuchoma, sigara. Mimi ni bwana mifugo, sitodanganya mtu, kazi yangu ng'ombe, mbuzi na kuku, kasuku nshatibu watatu tu na mmoja alikufa. Lakini mambo matatu nataka kujua. Moja, kichwani ana manyoya au nako kumenyonyoka? Mbili, anakula nini? Tatu, tundu la kitu gani?

#16 Chwaka_Boy
Kichwani kuna husu nini na kifuani

#17 Daktari_wa_Ngombe
Kwa sababu kichwa chake mwenyewe mdomo haufiki. Kifua uchi na kichwa kizima maana yake anajinyonyoa mwenyewe. Kichwa nacho kikiwa uchi basi ama ana maradhi ya manyoya, kuna kirusi kinafanya hivo na mdomo unaharibika pia, ama kuna ndege mwengine anamnyonyoa.

#18 Mtoto_wa_Mkunazini
Kichwa kizima, kimejaa vizuri tu. Mdomo mweusi hauna kitu. Anakula mkate wa boflo uliochovywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, karanga, alizeti, na embe ikiwa msimu. Tundu alitengenezewa Jang'ombe, waya ule wa banda la kuku, la duara.

#19 Daktari_wa_Ngombe
Subhanallah. Basi usiende kwa mganga, maradhi yote yako kwenye hiyo sentensi moja.
Alizeti na karanga ni mafuta matupu, ini linanenepa. Chai si ya ndege, ina kafeini, na maziwa tumbo lake haliyawezi. Boflo ni wanga tu. Kasuku wa kijivu hasa hasa anakosa vitamini A na madini ya chokaa, chokaa ikipungua sana anapata kifafa unamuona anaanguka kwenye kijiti anatetemeka. Mpe karoti, boga, papai, mchicha, choroko zilizoota, ganda la yai lililochemshwa ukaliponda. Msimpe parachichi, hiyo mnayoiita embe mafuta, ni sumu kwake. Chokoleti vilevile. Na kumbadilisha chakula si kwa siku moja, atagoma afe na njaa, changanya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

#20 MPEMBA_HALISI
Chikichi je? Huku kwetu michikichi inaota ovyo.

#21 MtuWaMisitu
Hapo umesema la maana ami. Huko kwao msituni chikichi ndo chakula anachokipenda, ile nyama nyekundu ya juu ina hiyo vitamini A. Pemba mna duka la dawa linaota bure.

#22 MPEMBA_HALISI
Leo nimesifiwa na mtu wa Unguja, andikeni tarehe.

#23 Babu_wa_Malindi
Nyinyi vijana mnatia khofu watu. Marehemu baba alikuwa na kasuku, kala boflo na chai miaka 28, akisema kiarabu kidogo, kihindi cha matusi, na kiswahili fasaha kuliko nyinyi. Hakuwahi kuona karoti.

#24 Daktari_wa_Ngombe
Mzee wangu shikamoo. Miaka 28 kwa ndege wa kuishi 50 ni sawa na mtu kufa na arubaini.

#25 Babu_wa_Malindi
Marahaba. Sawa lkn alikufa anacheka.

#26 Fundi_Tundu
Nimeitwa? Matundu ya Jang'ombe nusu ni yangu mimi hata hilo la duara yawezekana ni langu. Waya wa banda la kuku una kosa gani, usafi wake bei yake na hauoti kutu.

#27 Mwl_Kikwajuni
Hauoti kutu kwa sababu umepakwa zinki fundi. Kasuku mdomo wake ni mkono wake, siku nzima anapanda na kutafuna waya, ile zinki inamwingia kidogo kidogo ni sumu, na kuna wanaosema hiyo nayo inaleta kujinyonyoa. Angalau waya upigwe brashi na siki kabla ya kufuma, inapunguza. Na duara si umbo la ndege, hana pembe ya kujificha anazunguka tu. Apate la mraba, pana kuliko refu, akunjue mabawa yote mawili bila ya kugusa.

#28 Fundi_Tundu
Siki ntatia. Stenlesi nkikutajia bei utamwacha ndege alale kitandani kwako. Hayo ya mraba natengeneza, watu hawataki, wanataka duara liwe kama msikiti lina kuba juu.

#29 Mwl_Kikwajuni
Mie naona bado hamjagusa lenyewe. Tazameni hesabu ya mwenye uzi. Waya ule ule miaka 20, boflo lile lile, udi ule ule, na Kidawa alikuwa na manyoya yake kamili mpaka bibi alipofariki. Kimebadilika kitu kimoja tu. Ndege huyu huko kwao anaishi kundi kubwa, bibi ndo alikuwa kundi lake. Sasa hivi yuko peke yake ukumbini, nani anakaa naye?

#30 Daktari_wa_Ngombe
Huzuni siipingi mwalimu. Lkn ng'ombe mwenye njaa ya madini anaweza kusimama miaka halafu akadondoka siku ya kwanza ya mvua, utasema kauawa na mvua? Mwili ulishachoka, msiba ukamalizia.

#31 Bi_Shuwena
Na nani alikuja msibani, hilo hamlijibu.

#32 Mtoto_wa_Mkunazini
Mwalimu umenigusa. Bibi akishinda naye, anamenya karanga anampa, anamsimulia mtaa mzima. Sasa mama hawezi kukaa ukumbini akimsikia, so tumemhamishia varanda ya nyuma, na usiku tunamfunika nguo saa 12 jioni mpaka saa 3 asubuhi ili asiite alfajiri.

#33 dada_Leicester
Lahaula. Saa 15 gizani? Usingizi wake ni saa 10 mpaka 12. Mnamwadhibu kwa sababu anawakumbusha mtu.

#34 Mtoto_wa_Mkunazini
...sikuwa nimeiona hivo. Basi.

#35 Bwana_Biashara_Znz
Maneno mengi. Nna laki sita mkononi, niko Michenzani, nakuja leo. Hata bila ya manyoya nachukua.

#36 MtuWaMisitu
Hapa ndo pa kusimama. Mwenye uzi, Kidawa ana karatasi?

#37 Mtoto_wa_Mkunazini
Babu alimnunua kwa baharia. Karatasi iliyopo ndani ni ya umeme tu.

#38 MtuWaMisitu
Basi sikiliza. Mwaka 2016 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, Johannesburg kasuku wa kijivu aliingizwa Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Hawakufanya hivo kwa starehe. Ghana tangu miaka ya tisini wamepungua zaidi ya asilimia 90. Wananaswa kwa ulimbo na nyavu, wanatiwa kwenye masanduku, wengi wanakufa njiani kabla hawajaonana na hayo matundu yenu ya kuba. Kila anaelipa laki sita kwa kificho anamwambia mnasaji arudi tena msituni. Kidawa alishaingia zamani, hilo limepita, nenda ofisi ya misitu ukaeleze yalivo, urithi wa bibi, omba ushauri. Kumpa mtu akae naye ni jambo moja, kumpandisha boti ya Dar kimyakimya umuuze ni jambo jengine.

#39 Bwana_Biashara_Znz
Akienda kueleza wamtie ndani je? Wewe utamletea chakula?

#40 Yakhe77
Na Kidawa atatoa ushahidi, huyo anajua siri za Mkunazini nzima 😂😂

#41 Maalim_Fuoni
Asalaam alaykum. Nimechelewa. Alieuliza faragha kama kufuga ndege kizimbani ni haramu: Mtume s.a.w. akimtania mtoto mdogo, "Yaa Abaa Umayr, maa fa'ala nnughayr", yaani kile kindege chako kimefanya nini, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, na wanazuoni wakachukua humo kwamba inajuzu, kwa sharti alishwe na asiteswe. Na mwanamke aliemfungia paka mpaka akafa na njaa khabari yake mnaijua. Kwa hiyo nyie warithi mnaotupiana Kidawa, mwenye ufunguo wa tundu ndie mwenye kuulizwa.

#42 Yakhe77
Maalim na kasuku huliwa?

#43 Maalim_Fuoni
Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kuwa haramu, yeye na tausi. Ushashiba?

#44 mzawa_Muscat
Huku kwetu Muscat kasuku wa kijani wanaruka wenyewe juu ya mitende makundi makundi kama shomoro, hakuna anaewafunga. Napita tu. Kidawa anatukana? Wa ami yangu alifukuza wageni wa posa.

#45 dada_Leicester
Umenikumbusha. 2020 huku Lincolnshire kuna hifadhi ilipokea kasuku watano wa kijivu toka nyumba mbali mbali ndani ya wiki moja, wakawatia chumba kimoja cha karantini. Kila mmoja alikuja na matusi yake, wakafundishana, mmoja akitukana wengine wanacheka kama watu. Walipotolewa wakawa wanatukana watalii ikabidi watenganishwe. Ilitoka kwenye magazeti dunia nzima.

#46 Mtoto_wa_Mkunazini
Kidawa anasema "nyamaza we" kwa sauti ya babu na babu kafariki 2009. Na "hodi". Mama alishakwenda kufungua mlango mara tano siku moja.

#47 Karafuu_Wete
Mie niko Wete, nimestaafu, mke wangu yupo nyumbani siku nzima, watoto washaondoka nyumba imekuwa kimya mpaka tunasikia saa ya ukutani. Tutakaa na Kidawa tukipata ridhaa. Pesa sina ya kutoa wala sitaki kupokea. Chikichi ninazo.

#48 dada_Leicester
Mzee wa Wete nakuuliza kama nilivoulizwa mie. Paka?

#49 Karafuu_Wete
Paka mmoja, mzee kama mimi, meno hana.

#50 Chwaka_Boy
Sasa toka Mkunazini mpaka Wete kwa meli usiku kucha, ndege bila ya manyoya, upepo wa bahari, si anafia Mkoani.

#51 Daktari_wa_Ngombe
Kwa hilo Chwaka umesema kweli leo. Asisafiri sasa hivi. Kwanza apone, au tujue haponi.

#52 Pweza_Nungwi
Mnaonaje tukianzisha shelta yetu hapahapa? Huku Kaskazini kuna hoteli moja ilikuwa na kasuku baani, watalii wakimpa chipsi na bia, alikufa na hakuna aliejua pa kumpeleka. Nyumba moja tu yenye uwanja, matundu makubwa, mtu anaeshindwa analeta.

#53 MPEMBA_HALISI
Miezi mitatu utaona kibao "karibu watalii, picha na kasuku dola tano".

#54 MtuWaMisitu
Mie khofu yangu ni nyengine, pakishakuwa na pa kutupia watu watanunua bila ya kufikiri. "Nikichoka nitapeleka shelta".

#55 dada_Leicester
Wananunua bila ya kufikiri na sasa hivi haipo. Nyie tofauti yenu mnawatupa ukumbini.

#56 Babu_wa_Malindi
Zamani haikuhitajika shelta, nyumba ilikuwa na watu kumi na nne, mmoja akifa kasuku hata hajui. Nyumba zenu siku hizi mna watu watatu na simu zao.

#57 Mwl_Kikwajuni
Mzee kasema. Angalau kwenye grupu tuandike nani yuko tayari kupokea, nani anahama, kama tunavofanya na paka. Bila ya bei. Na kila mwenye kasuku aseme sasa hivi akiwa hai, nani atamchukua.

#58 Yakhe77
Yaani kasuku aingie kwenye wasia. Mie wasia wangu una pikipiki na deni.

#59 Bwana_Biashara_Znz
Laki saba.

#60 Chwaka_Boy
Jamani na Kidawa ni jike kweli?

#61 Mwl_Kikwajuni
Wa kijivu kwa macho huwezi kujua, dume na jike sawasawa, na wote wanasema, ile ya kuwa dume tu ndo anasema si kweli. Mpaka kipimo cha vinasaba, unapeleka unyoya uliong'olewa karibuni.

#62 Mtoto_wa_Mkunazini
Manyoya yaliong'olewa karibuni nnayo kilo nzima mwalimu 😂

#63 Mtoto_wa_Mkunazini
Wiki tatu zimepita, nimerudi kama nilivoahidi. Mjomba alikuja na mteja (sitomtaja lkn yumo humu), mama kaweka kiti mlangoni kakaa, kasema haondoki mtu wala ndege. Sijui nini kimemgeuza, bado analia, lkn sasa analia amekaa karibu na tundu anamenya karanga. Nikamwambia karanga mbili tu kwa siku, kaniambia nisimfundishe. Ofisini nimekwenda, hawakunitia ndani, wameandika jina langu na namba ya simu wamesema watapita kumtazama.
Kidawa karudi ukumbini, nguo tunafunika saa 2 usiku tunatoa alfajiri. Chetezo kimehamia chumbani. Tundu jipya la mraba kwa Fundi, siki alitia nikiwa nimesimama. Vijiti nimekata vya mvinje na vya mpera, anavichambua maganda siku nzima. Chai hapewi, boflo bado ananiibia mama anampa. Papai anakula, karoti anaitupa. Na Bi Shuwena, maji ya Ayatul Kursiy amenyunyiziwa pia.
Ubavu wa kushoto umeota ukungu wa manyoya meupe mepesi. Mzee wa Wete kampigia simu mama, wamezungumza saa nzima, hajasema ndio hajasema hapana.

#64 Bi_Shuwena
Alhamdulillah. Niliwaambia jicho.

#65 Daktari_wa_Ngombe
Ni papai lile.

#66 Mwl_Kikwajuni
Ni mama kukaa naye.

#67 Mtoto_wa_Mkunazini
Nimebadilisha vyote siku moja kwa hiyo hata mie siwezi kusema. Na jana kaung'oa mmoja tena, alikuja mjomba.

#68 Yakhe77
Hapo sababu imeshapatikana 😂

#69 Pweza_Nungwi
Lile tundu la duara unauza?

#70 Mtoto_wa_Mkunazini
Siuzi, nitatilia vifaranga.

#71 Daktari_wa_Ngombe
Vifaranga nao wana ini bwana.

#72 Fundi_Tundu
Lirudishe kwangu nitalipiga siki. Elfu kumi na tano nakukatia kwenye lile deni ulobakisha.